Ugumu si Uimara: Marekebisho ya Springi za Nyuma za Pikapu kwa Safari za Nje ya Lami

Utangulizi

Makala haya yanachunguza marekebisho yafanywayo katika springi za nyuma za pikapu ili gari hilo limudu njia za nje ya lami. Kwa mtazamo wa haraka, suala hili ni la gereji tupu na halina nafasi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, yeyote atakayeketi nusu siku katika maduka ya vipuri ya Grogan jijini Nairobi, au kando ya mafundi wa jua kali mjini Isiolo, atatambua kwamba sehemu kubwa ya shughuli hii huendeshwa kwa Kiswahili, na kwamba makosa mengi ya ufundi huanzia katika neno. Mwenye gari husema, "Niwekee springi ngumu." Fundi naye humwekea. Gari hutoka likiwa limeinuka nyuma mithili ya panzi, na mwenyewe huridhika kwa kuwa mabadiliko yanaonekana kwa macho. Ikiwa gari hilo sasa linapita mahali ambapo jana halikupita, hilo ni swali jingine kabisa, na mara nyingi jibu lake ni la.

Kauli inayotetewa hapa ni kwamba ugumu wa springi, uimara wake, na uwezo wa gari kupita penye mawe na makorongo ni mambo matatu mbalimbali. Kuyachanganya katika neno moja kuna gharama, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na abiria aliyeketi juu ya magunia nyuma wala si mwenye gari.

Pikapu zinazozingatiwa ni zile zenye ekseli moja nzima nyuma. Toyota Hilux imetumia springi za mabamba nyuma tangu kizazi chake cha kwanza cha mwaka 1968. Land Cruiser ya jamii ya 70 ilibadilishiwa springi za mbele kuwa za koili mwaka 1999, lakini pikapu yake ikabaki na mabamba nyuma. Magari ya aina hizi ndiyo yabebayo maji, chanjo, mbuzi, miraa na watu katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kenya. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010. Lakini gari likiiacha barabara hiyo kuu na kushika njia ya North Horr, jangwa la Chalbi au mawe meusi ya Loiyangalani, springi za nyuma hurudia kuwa suala la kufika au kutofika.

Springi ya Mabamba na Kazi Zake

Springi ya mabamba ni urithi wa magari ya kukokotwa na farasi. Nchini Uingereza, Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za umbo la duaradufu za magari hayo mwaka 1804, na wazo lake la msingi bado linaonekana chini ya kila pikapu. Mabamba kadhaa ya chuma cha springi hulaliana, refu likiwa juu na fupi chini, kisha hubanwa pamoja kwa bolti ya katikati. Bamba refu kuliko yote, ambalo huitwa bamba kuu, huwa na jicho kila upande. Jicho la mbele hushikwa moja kwa moja kwenye chasisi. Jicho la nyuma huning'inia kwenye sheko, kiungo kinachobembea, kwa sababu springi inapobonyea hurefuka na ni lazima ipate mahali pa kwenda. Katika springi nyingi, bamba la pili hukunjwa ncha zake kulizunguka jicho la bamba kuu, ili bamba kuu likikatika njiani ekseli isichopoke. Mkunjo huo mdogo, usiotambuliwa na wengi, umewaokoa watu wengi.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya springi ni kubeba tu. Kimsingi ina kazi nne. Kwanza hubeba uzito. Pili, huishika ekseli mahali pake: hakuna fimbo nyingine inayoizuia kwenda mbele, nyuma au kando. Tatu, hupinga msokoto, maana dereva akikanyaga mafuta, pua ya difu hutaka kupanda juu, nayo akishika breki hutaka kushuka, na ni springi peke yake inayoirudisha. Msokoto ukizidi, springi hupinda mfano wa herufi S, huachia ghafla, hupinda tena, na gurudumu hurukaruka badala ya kukamata ardhi. Ndiyo maana katika pikapu nyingi shokabsoba moja huwekwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zisaidie kuutuliza mruko huo. Nne, msuguano baina ya mabamba hupunguza mtikisiko kwa kiasi fulani.

Kifaa kinachofanya kazi nne kwa mkupuo mmoja hakiwezi kubadilishwa kwa ajili ya kazi moja bila nyingine tatu kuguswa. Tofauti na gari lenye koili, ambalo lina fimbo maalumu za kuishika ekseli na ambalo koili yake inaweza kubadilishwa peke yake, pikapu ya mabamba haina anasa hiyo.

Hesabu ya Ugumu

Neno "ngumu" lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Kitu kigumu ni kile kisichobonyea, ni kile kisichovunjika upesi, na pia ni kile kinachotatiza. Katika mazungumzo ya kawaida utata huu hauleti madhara. Katika gereji huleta. Springi isiyobonyea si lazima iwe springi isiyovunjika. Mara nyingine huwa kinyume, kwa sababu chuma kisichopinda hupeleka mshtuko wote kwenye jicho, kwenye bushi na kwenye chasisi. Kwa hiyo katika makala haya, ugumu utamaanisha jambo moja tu: ni kilo ngapi zinazohitajika ili springi ibonyee sentimita 1.

Ugumu huo hutegemea idadi ya mabamba, upana wake, unene wake na urefu wake. Idadi na upana huathiri kwa uwiano wa kawaida. Ikiwa springi ina mabamba 5 yanayofanana, kuongeza la 6 la aina hiyohiyo huongeza ugumu kwa moja ya tano. Unene ni habari nyingine, kwani hufanya kazi kwa kipeo chake cha tatu. Bamba la milimita 7 si gumu kidogo tu kuliko la milimita 6. Ni gumu zaidi kwa takriban asilimia 59. La milimita 8 ni gumu zaidi ya mara mbili. Urefu nao hufanya kazi kwa kipeo cha tatu, lakini kinyumenyume: springi ikirefushwa kwa asilimia 10, ugumu wake hupungua kwa karibu robo. Fundi anayeokota bamba la lori dogo kwenye rundo la vyuma vikuukuu na kulichomeka katika springi ya Hilux, akihesabu kwamba ameongeza bamba moja tu, huenda ameongeza sawa na mawili au matatu.

Athari yake barabarani inaweza kuonyeshwa kwa mfano. Tuseme springi mbili za nyuma kwa pamoja hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 100. Pikapu ikiwa tupu, uzito unaozilemea ni kilo 500. Zimebonyea sentimita 5, na sehemu ya nyuma ikitikiswa hupanda na kushuka kama mara 2.2 kwa sekunde. Zikiongezwa kilo 1,000 juu ya ekseli hiyo, springi zimebonyea sentimita 15 na mipigo hupungua hadi 1.3. Huu ndio ukweli unaojulikana na kila abiria wa pikapu, ingawa huenda hajawahi kuuhesabu: gari tupu hurusha, gari lenye mzigo hutulia. Sasa springi hizo zikifanywa ngumu maradufu, gari lenye mzigo litapiga mara 1.8, jambo linalovumilika, lakini likiwa tupu litapiga mara 3 na zaidi. Mwendo ulio karibu na ule wa mtu anayetembea, yaani mpigo 1 hadi 1.5, ndio ambao mwili huuona wa kawaida. Mipigo 3 ni adhabu, na juu ya mawimbi ya barabara ya changarawe, tairi linaloadhibiwa hivyo huwa hewani muda mrefu kuliko lilivyo chini. Tairi lililo hewani halisukumi wala halishiki breki, na halisikii usukani unasema nini.

Watengenezaji wenyewe waliliona tatizo hili, ndiyo sababu springi nyingi za pikapu zina bamba nene lililonyooka chini kabisa, ambalo haliguswi mpaka mzigo uwe mkubwa. Gari tupu husafiri juu ya mabamba laini ya juu. Gari lililopakiwa hukuta msaada chini. Mpangilio huu ni wa busara, na inasikitisha kwamba bamba hilo ndilo mara nyingi hukunjwa upya na kuungana na mengine katika jina la kuimarisha.

Kimo: Neno Moja, Mambo Matatu

Baada ya "ngumu", neno la pili linalohitaji kupekuliwa ni "kuinua". Mteja akisema anataka gari liinuliwe, anaweza kuwa anataka mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni kimo cha difu. Katika gari lenye ekseli nzima, difu imo ndani ya ekseli na ekseli imeketi juu ya magurudumu. Springi iko juu yake. Hivyo basi hakuna springi, bloki wala sheko inayoweza kuiinua difu hata kwa milimita 1 kutoka ardhini. Tairi pekee ndilo linaloweza. Tairi la kipenyo cha sentimita 80 likibadilishwa kwa la sentimita 85, difu hupanda sentimita 2.5, nusu ya tofauti hiyo. Watu wamelipia springi nzima, wakarudi katika jiwe lilelile, na difu ikagonga palepale.

La pili ni kimo cha bodi. Hiki springi hukiinua kweli, na faida yake ni kwamba tumbo la gari na mkia wake huepuka kugusa gema wakati wa kupanda na kushuka, na tairi kubwa hupata nafasi ya kuzunguka. Gharama yake ni kwamba kitovu cha uzito nacho hupanda. Gari lenye upana wa mita 1.5 baina ya magurudumu na kitovu cha uzito mita 0.75 kutoka chini lingepinduka, kwa hesabu ya karatasi, penye mteremko wa kando wa nyuzi 45. Kitovu kikipanda sentimita 5, pembe hiyo hushuka hadi 43. Hilo si janga. Lakini mzigo mrefu na watu wakiketi juu yake hadi kitovu kifike mita 0.95, pembe hushuka hadi nyuzi 38, na hapo bado hazijahesabiwa mashimo, springi zinazobonyea upande mmoja, wala kona iliyochukuliwa kwa kasi.

La tatu ni safari ya gurudumu: umbali ambao gurudumu moja laweza kupanda na jingine kushuka kabla ya ekseli kugota. Kwa uwezo wa kupita penye makorongo, hili ndilo kubwa kuliko yote. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu lenye upinzani mdogo, hivyo gurudumu moja la nyuma likining'inia hewani, ndilo linalozunguka bure huku lililo chini likisimama. Springi ndefu na laini huliruhusu gurudumu kuifuata ardhi. Springi iliyokazwa huliinua juu kama mguu wa mbwa penye kichuguu. Wanafunzi wa isimu wamelizoea neno "mnyumbuliko" katika vitenzi. Pengine gereji nayo ingelihitaji, kwa maana ya kile ambacho ekseli inapaswa kufanya na ambacho springi ngumu huizuia kufanya.

Mfano mzuri wa tofauti hii ni mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ua wa kuzingira msitu wa Aberdare. Washindani hupewa saa 10 kupitia vituo 13, na mshindi ni yule aliyesafiri umbali mfupi zaidi, si aliyetangulia kufika. Kwa hiyo magari hukata moja kwa moja kupitia makorongo na magema. Magari yanayofaulu huko yameundwa yanyumbuke, na hayabebi magunia. Pikapu ya kazi inayoiga sura ya magari hayo kwa kuinuliwa juu, kisha ikakazwa springi ili ibebe tani moja, imechukua hasara za pande zote mbili.

Njia Zinazotumika

Njia iliyo rahisi na iliyoenea ni kuongeza bamba. Kwa pikapu ambayo karibu kila siku hubeba mzigo, kama zile zishukazo na miraa kutoka Maua, ina mantiki. Kwa pikapu inayotembea tupu siku nyingi ni kosa. Bamba refu linalokaribia urefu wa bamba kuu ni bora kuliko kipande kifupi kinene, kwa sababu kipande kifupi hulazimisha mabamba ya juu kupinda mahali pamoja, penye ncha yake, na hapo ndipo yatakapokatika.

Njia ya pili ni sheko ndefu. Sheko iliyoongezwa sentimita 5 huinua gari karibu sentimita 2.5 tu kwenye ekseli, kwa sababu mwisho mmoja tu wa springi umeshuka. Springi nzima huinama, na pua ya difu huelekea juu. Propela ina krosi kila mwisho, na krosi hizo huzunguka bila mtetemo iwapo pembe zake mbili zinalingana. Pua ikipinda peke yake, pembe huachana, na gari huanza kutetemeka katika mwendo wa kasi hadi krosi zikaisha. Mafundi wengine hutia kabari ya chuma baina ya springi na ekseli ili kuirudisha pua. Hilo ni sahihi, mradi kabari iwe ya chuma imara na isiwe ya alumini laini itakayopondeka. Pikapu ndefu zenye propela ya vipande viwili huhitaji pia bearing ya katikati ishushwe kidogo.

Bloki ni ya tatu. Huwekwa kati ya springi na ekseli, huinua kwa kipimo chake kamili, na haibadilishi ugumu wala pembe ya pua. Kwa hivyo huonekana kuwa suluhisho lisilo na dosari. Dosari yake ni ile kazi ya tatu ya springi. Bloki huiweka ekseli mbali na springi na hivyo kuurefusha mkono wa msokoto. Umbo la S huja mapema zaidi. Bloki moja fupi ya chuma inavumilika. Bloki mbili zilizobebana ni hatari isiyo na utetezi, na ya mbao, ambayo hutumiwa na baadhi ya watu penye dhiki, ni zaidi ya hatari. Bloki haipaswi kuwekwa kamwe kwenye ekseli ya mbele.

Iliyo bora, na ya bei kubwa, ni kubadilisha springi nzima kwa nyingine iliyoundwa kwa uzito unaojulikana. Hapa hoja ya lugha inarudi kwa nguvu. Watengenezaji wengi wa springi za namna hii huzitoa katika madaraja ya mzigo: kwa gari tupu, kwa mzigo wa kudumu wa wastani, kwa mzigo mzito wa kudumu. Muuzaji akiuliza ni ipi itakiwayo, mteja hujibu, "Ile ngumu kabisa." Jibu lililotakiwa lilikuwa idadi ya kilo.

Kuhusu mifuko ya hewa inayotiwa baina ya ekseli na chasisi, inatosha kusema kwamba huusogeza mzigo kutoka kwenye ncha mbili za springi hadi katika nukta moja ya chasisi. Pikapu yenye kebini mbili, iliyopakiwa kupita kiasi na kukimbizwa juu ya mawimbi ikiwa na mifuko hiyo, inaweza kukunjika chasisi nyuma ya kebini. Wala bamba jipya, bloki au mfuko wa hewa haubadilishi uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa ekseli, bearing, breki na chasisi zimebaki zilezile.

Mhunzi na Moto

Springi iliyochoka na kulala huweza kukunjwa upya. Kazi hii inastahili heshima. Mhunzi hodari hulikunja bamba likiwa baridi, kwa nyundo, pigo baada ya pigo, akilipima kwa bamba lenzake. Bamba lililokunjwa hivyo halidumu kama jipya, lakini halijaharibiwa. Madhara huja na moto usiotawaliwa. Ubora wa chuma cha springi hutokana na matibabu yake ya joto: huchomwa hadi takriban nyuzi 850 za Selsiasi, hutoswa katika mafuta, kisha hupashwa tena hadi nyuzi 400 au 500 ili kuondoa wepesi wa kuvunjika. Anayelichoma bamba kwa gesi ili lipinde kwa urahisi, akaliacha lipoe lenyewe, amelirudisha kuwa chuma cha kawaida mahali pale alipochoma. Anayelichomelea bamba lililokatika ametengeneza mahali pa kukatika tena, kando kidogo ya pale pa kwanza. Bamba lililokatika hubadilishwa.

Breki

Katika Hilux nyingi za miaka ya nyuma, na katika pikapu nyingine za aina yake, kuna vali iliyofungwa kwenye chasisi juu ya ekseli, na fimbo nyembamba inayoiunganisha na ekseli hiyo. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Gari likiwa tupu, sehemu ya nyuma huwa juu, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasikwame na gari likazunguka. Gari likipakiwa, chasisi hushuka, fimbo hupanda, na vali huruhusu nguvu zaidi.

Gari hilo likiinuliwa sentimita 5 na fimbo isirekebishwe, vali haina njia ya kujua kwamba kuna springi mpya. Inachojua ni kwamba chasisi iko juu, na kwa hesabu yake chasisi iliyo juu ni gari tupu. Hivyo pikapu iliyoinuliwa mahsusi ili ibebe zaidi, ikiwa na tani moja nyuma na watu juu yake, hushuka mlima ikiwa na breki za nyuma za gari tupu. Breki za mbele hufanya kazi ya zote, hupata joto, na mwishowe hulegea. Katika marekebisho yote yaliyotajwa, hakuna lililo rahisi kusahauliwa kama hili, kwa kuwa gari likiwa tupu halionyeshi dalili yoyote. Dawa yake ni kuongeza urefu wa fimbo au kusogeza kishikio chake kwa kadiri ya kimo kilichoongezwa, kisha kujaribu breki gari likiwa na mzigo na kabla ya kubeba mtu yeyote.

Paipu ya mpira ya breki itokayo kwenye chasisi hadi kwenye ekseli nayo lazima ipimwe. Ekseli ikining'inia kikamilifu, paipu isivutike.

Shokabsoba na Utaratibu wa Kupima

Shokabsoba haibebi gari, ingawa wengi huamini hivyo. Huugeuza mtikisiko kuwa joto. Juu ya mawimbi, joto hilo huongezeka kwa haraka. Mafuta ya ndani hufanya povu, na shokabsoba huacha kufanya kazi pale inapohitajika zaidi. Zile zilizotiwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo huchelewesha povu hilo. Springi ikiwa ngumu zaidi, shokabsoba nayo yapasa kuwa na nguvu zaidi ya kuizuia inaporuka juu. Kuacha shokabsoba ya zamani kwenye springi mpya ngumu ni kuliachilia gari lidunde.

Urefu wake haukisiwi. Gari huwekwa mahali pa sawa, gurudumu moja la nyuma huinuliwa kwa jeki mpaka ekseli iguse raba ya kugotea, huku gurudumu la pili likiachwa lishuke mpaka mwisho. Kisha hupimwa umbali baina ya vishikio vya shokabsoba katika pande zote mbili. Shokabsoba ikibanwa kabisa yapasa kuwa fupi kuliko kipimo kidogo, na ikinyooshwa kabisa yapasa kuwa ndefu kuliko kipimo kikubwa. Ikiwa fupi, itakuwa ndiyo inayoizuia ekseli kushuka, kazi ambayo haikuundiwa, na itang'oka. Ikiwa ndefu mno, itapondeka ndani kwa ndani. Katika hali hiyohiyo ya gari kulala upande, fundi hukagua paipu ya breki, kebo ya breki ya mkono, propela, na iwapo tairi linagusa bodi. Raba ya kugotea hurefushwa ikiwa tairi au shokabsoba hufika mwisho kabla yake.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, hazirudishwi zikishafunguliwa. Zimekwisha kuvutika, na nyuzi zake haziwezi kushika kama mwanzo. Bolti ya katikati haina kazi ya kuizuia ekseli isisogee. Kazi hiyo ni ya msuguano uletwao na yubolti zilizokazwa. Yubolti zikilegea, bolti ya katikati hubeba kila kitu, hukatika, na ekseli huhama. Aidha, bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake kwa kimo chake cha kawaida. Zikikazwa gari likiwa limening'inizwa, mpira husokoteka gari linaposhushwa na huchanika mapema.

Baada ya kilomita 100 za kwanza yubolti hukazwa tena, na tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa kipimo kilichotolewa na mtengenezaji. Kisha fundi hupima kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wake wa kawaida, na kuviandika vipimo hivyo vinne mahali ambapo mwenye gari ataviona. Springi ikianza kulala, au bamba likikatika kimyakimya katikati ya mengine, ni tofauti kati ya kulia na kushoto itakayojitokeza kwanza, kabla gari halijalalia upande barabarani.